Mfereji wa nyasi hunywa maji kiasi gani?

Swali: Shikamoo mhandisi. Nina miaka miwili kazini, kwenye ofisi ya wahandisi washauri hapa Dar es Salaam. Tunasanifu mifereji ya maji ya mvua ya mtaa mpya wa nyumba Kigamboni, karibu hekta kumi. Barabara za ndani zina mifereji minane ya wazi yenye nyasi, kila mmoja mita 240 hivi, na yote inamwaga kwenye kalavati moja la milimita 900. Natumia SWMM, programu ya kompyuta ya kukokotoa mtiririko wa maji ya mvua. Maabara imesema udongo ni tifutifu ya kichanga. Shida yangu ni kwamba maji yakishaingia mferejini modeli haipotezi hata tone: yaliyoingia juu ndiyo yanayotoka chini. Bosi anasema mifereji ya nyasi inakunywa maji, na anataka nihesabu hilo ili kalavati lishuke hadi 600. Niuweke wapi huo upenyaji? Na kwa kuwa maeneo ya makusanyo, yaani viwanja vinavyomwaga maji mferejini, tayari nimeyawekea Green-Ampt (fomula ya maji kupenya udongoni), je, sitakuwa nimehesabu mara mbili?

Jibu: Marahaba. Umeuliza mambo mawili, ila bosi wako ameyafunga furushi moja. Kuna namna ya kuiambia programu kwamba mfereji unakunywa maji. Hilo ni jepesi, nitakuonyesha. Halafu kuna kama unywaji huo unatosha kupunguza kalavati. Hili la pili halihitaji programu kabisa, linahitaji kikokotoo cha simu na dakika kumi, na ndilo ninaloanza nalo kwa sababu ofisini kwenu ndilo lenye pesa.

Hukunipa vipimo vya mfereji, kwa hiyo nachukua vya kawaida: kitako sentimita 60, kingo zinazolala 3 kwa 1, mteremko asilimia 1. Kila mfereji unapokea hekta 1.2, na nusu ya mvua inageuka maji ya kutiririka. Inyeshe milimita 60 ndani ya saa moja. Yanakuja mita za ujazo 360, yaani lita 100 kwa sekunde. Nyasi zikiwa zimelazwa na maji, n ya Manning, yaani namba inayoonyesha mfereji unakwaruza maji kiasi gani, ni kama 0.05, na maji yanasimama sentimita 18. Upana wa uso wa maji ni mita 1.68. Zidisha kwa urefu: mfereji mzima umelowesha mita za mraba 400, tena hapo nimekuwa mkarimu, maana sehemu ya juu haijafika kina hicho.

Jedwali linalotumiwa sana la Green-Ampt linaipa tifutifu ya kichanga milimita 10.9 kwa saa. Fanya 10. Mita za mraba 400 kwa milimita 10 ni mita za ujazo 4 kwa saa. Nne kati ya 360. Mfereji wako umekunywa asilimia moja.

Sasa nenda kalavatini. Mifereji minane inaleta lita 800 kwa sekunde. Bomba la zege la 600 kwenye mteremko wa asilimia 1, likiwa limejaa, linapitisha kama lita 610. La 900 linapitisha zaidi ya 1,800. Ili 600 litoshe unatakiwa uondoe lita 190 kila sekunde, na mifereji yote minane ikinywa kwa pamoja inaondoa lita 9. Na hiyo 60 ni wastani wa saa nzima. Ndani yake zipo dakika kumi zinazonyesha vibaya kuliko wastani. Kama bosi anataka kubishana kuhusu 900, abishane kuhusu 750, ambalo kwa mteremko huohuo linapitisha kama lita 1,100. Hayo ni mazungumzo halali. Lakini yawe mazungumzo ya kilele cha mvua na ucheleweshaji, unywaji wa nyasi usiingizwe humo.

Usiondoke hapo ukidhani mifereji ya nyasi ni pambo. Badilisha mvua. Inyeshe milimita 8 kwa saa, mvua ya kawaida kabisa ambayo watu wanaendelea kuuza mihogo chini ya mwavuli. Udongo wa viwanjani unaimeza karibu yote; kinachofika mferejini kinatoka mabatini na kwenye lami, tuseme theluthi moja pungufu kidogo. Ni mita za ujazo 29, lita 8 kwa sekunde. Hapo nyasi hazijalala, zimesimama na maji yanajipenyeza katikati ya majani, kwa hiyo n si 0.05 tena, ni 0.2 au zaidi. Kina ni sentimita 10, upana mita 1.2, eneo lililolowa mita za mraba 288. Kwa milimita 10 kwa saa mfereji unakunywa karibu mita za ujazo 3 katika 29, asilimia kumi. Ungekuwa mchanga mtupu wa pwani unaopitisha milimita 100 kwa saa, ungekunywa zote 29 na kalavati lisione kitu.

Kwa hiyo mtu akiuliza kama mfereji wa nyasi unakunywa maji, muulize: mvua gani, udongo gani, na mfereji unahudumia eneo kubwa kiasi gani? Eneo lililolowa, muda wa kulowa na kasi ya udongo, hivyo vitatu vikizidishwa, ndivyo unavyovilinganisha na ujazo unaokuja. Mimi nimeshaona modeli yenye rangi nzuri iliyopunguza kilele kwa robo nzima kwa sababu mtu aliandika namba ya upenyaji kwa milimita mahali palipotaka inchi. Hakuna aliyezidisha kwa mkono.

Turudi kwenye vibonyezo. Ipo njia fupi, na nadhani ndiyo itakayokutosha. Katika matoleo ya 5.1 na kuendelea, sifa za kila mfereji kwenye SWMM zina kisanduku cha kasi ya kuvuja ardhini, kwa milimita kwa saa. Watu wengi hawakioni kwa sababu kimekaa chini, baada ya vile vya upotevu wa nguvu kwenye kuingia na kutoka. Ukiandika 10 pale, programu itachukua upana wa uso wa maji kwa kina kilichopo, iuzidishe kwa urefu na kwa hiyo 10, iondoe. Kina kikipanda eneo linapanuka, kikishuka linasinyaa.

Kabla ya kuiamini, ijaribu. Fungua faili jipya, weka mfereji mmoja wa mita 240, n 0.2, mwagie lita 8 kwa sekunde bila kukoma kwa saa sita, kasi ya kuvuja 10. Tofauti ya juu na chini iwe kama lita 0.8 kwa sekunde. Ukipata zote 8, yaani chini hakufiki kitu, umekosea kizio. Ukipata sifuri, umeandika kwenye kisanduku kingine. Kisha soma taarifa ya mwisho, sehemu ya urari wa maji ya mtandao: kiasi kilichovuja kina mstari wake.

Njia hii ina mapungufu mawili unayopaswa kuyajua. Maji yaliyovuja yanaaga modeli moja kwa moja, hayaendi kuongeza maji ya ardhini hata kama umewasha moduli ya maji ya ardhini. Na kasi ni ileile mwanzo hadi mwisho wa mvua, wakati udongo haufanyi hivyo. Fomula ya Green na Ampt, ambayo watu wawili hao waliitoa Australia mwaka 1911 na hadi leo hatujapata iliyo rahisi kuishinda, inasema udongo mkavu unavuta maji kwa mfyonzo wake, na mvuto huo unapungua kadiri maji yanavyoshuka. Kwa tifutifu yako mfyonzo ni kama milimita 110. Mwanzo wa vuli, mwezi Oktoba, udongo ukiwa na nafasi tupu ya robo ya ujazo wake, baada ya kunywa milimita 10 za kwanza kasi bado ni milimita 41 kwa saa. Ikifika milimita 50 kasi imeshuka hadi 17. Katikati ya masika, mwezi Aprili, nafasi tupu imebaki asilimia 5 tu. Hapo baada ya milimita 10 tu kasi ni hiyohiyo 17. Namba moja ya kudumu inaudhulumu udongo wa Oktoba na inakaribia kusema kweli kwa udongo wa Aprili. Kalavati linasanifiwa kwa Aprili. Kwa mvua ya usanifu sina ugomvi na namba ya kudumu.

Ukitaka kufuatilia mvua za mwaka mzima, ndogo kwa kubwa, ujue mtaa unarudisha ardhini kiasi gani, hapo namba ya kudumu haitoshi. Ugeuze mfereji uwe eneo la makusanyo. SWMM inaruhusu eneo moja limwage juu ya eneo jingine badala ya kumwaga kwenye nodi, yaani kiungo cha mtandao wa mifereji. Chora ukanda wa mita za mraba 288, asilimia sifuri isiyopitisha maji, upana wa mtiririko mita 1.2, mteremko asilimia 1, n ya nyasi, na viwanja vimwage humo. Ukanda utapokea mvua yake pamoja na maji ya jirani, na Green-Ampt itaukumbuka ukavu na ulowevu wake toka mvua hadi mvua. Unachopoteza ni haidroliki: eneo la makusanyo halijui maji kurudi nyuma, na kalavati likifurika ukanda wako hautaona. Kwa n, jedwali la SWMM la maji yanayotambaa juu ya ardhi linatoa 0.15 kwa nyasi fupi, 0.24 kwa nyasi nene, na 0.41 kwa ukoka. Ndiyo, ukoka huuhuu wetu.

Kuna pia mfereji wa nyasi ndani ya menyu ya LID, yaani ya miundo midogo ya kushika maji ya mvua palepale yanapoanguka. Unavutia kwa sababu jina lake ndilo unalotafuta, na hapo ndipo wengi wananaswa. Hauna upenyaji wake wenyewe; unaazima namba za udongo za eneo la makusanyo uliloliweka ndani. Ukiwa umeyapa maeneo yako namba za wastani wa mtaa mzima, mfereji nao unapata wastani wa mtaa mzima. Tena ukiuweka ndani ya eneo lenye nyumba lazima urekebishe kwa mkono asilimia isiyopitisha maji, kwa sababu LID imekula sehemu ya ardhi hiyo. Mimi huutumia nikiwa nalinganisha chaguo tatu nne za awali, na nikishachagua nauondoa.

Kuhusu kuhesabu mara mbili, hofu yako ina msingi, ila haipo pale unapodhani. Green-Ampt ya viwanjani inashughulikia mvua inayoangukia uani. Kuvuja kwa mfereji kunashughulikia maji yaliyokwisha toroka uani. Ni ardhi mbili tofauti, kwa hiyo hakuna kosa. Kosa linaingia kwenye ule ukanda wa mfereji wenyewe. Mara nyingi mpaka wa eneo la makusanyo unachorwa katikati ya barabara, na ukanda wa mita 1.7 ukiwa umehesabiwa kama ardhi inayopitisha maji. Ukiongeza na kasi ya kuvuja, ardhi ileile inakunywa mara mbili. Dawa yake inashangaza wanaoanza: uache ukanda ndani ya eneo, lakini uuhesabu kama usiopitisha maji, tena bila kimo cha maji kutuama. Mvua inayoanguka juu ya mfereji uliojaa inaangukia maji, inakwenda nayo, na kuvuja kwake kutashughulikiwa na kile kisanduku. Kwako ni mita za mraba 408 katika 12,000, asilimia 3.4. Ni kidogo, lakini mkaguzi makini atauliza.

Halafu n. Nimetumia 0.05 kwa mvua kubwa na 0.2 kwa ndogo, na mfereji wa kawaida kwenye SWMM unakubali n moja tu. Usitafute ya katikati. Fanya mafaili mawili. Ile mvua ya lita 8 ukiipa 0.05, kina kinashuka hadi sentimita 5 na maji yanamaliza mita 240 kwa dakika 17. Ukiipa 0.2 yanachukua dakika 46. Nusu saa nzima ya kunywa imepotea kwa herufi moja, na eneo lililolowa nalo limepungua. Kwenye mvua ndogo n nayo inagusa matokeo, si udongo peke yake.

Sasa ile 10.9. Maabara imechekecha punje ikasema tifutifu ya kichanga. Jedwali likakupa namba. Lakini jedwali linazungumzia udongo uliolala ulivyoumbwa, na wewe unajenga mfereji uliochimbwa kwa kijiko, ukapitiwa na rola ya barabara ya pembeni, ukaegeshewa lori la kokoto miezi mitatu, ndipo ukapandwa nyasi. Kitako chake kimeshindiliwa kama sakafu. Nenda na pete mbili za chuma, ya ndani kipenyo sentimita 30, ya nje 60, zipigilie kitakoni mwa mfereji uliokwisha kujengwa jirani. Jaza maji zote mbili, soma ya ndani tu. Ya nje ipo ili maji ya ndani yashuke chini yasikimbilie pembeni. Soma kila dakika kumi mpaka visomo vitatu vya mwisho vifanane. Usichukue vya nusu saa ya kwanza hata vikiwa vizuri namna gani. Fanya sehemu tatu angalau kwa kila mfereji, na moja iwe pale matope yanapotuama, karibu na kinywa cha kalavati. Namba utakayopata igawe kwa mbili ndipo uiandike kwenye modeli, kwa ajili ya vumbi na matope ya miaka ijayo. Kama huna mfereji wa jirani wa kupima, mimi ningeandika 5 nisione haya.

Mwenzako aliye Dodoma kwenye udongo wa mbuga, au Kitengela kwenye ule mweusi unaopasuka, asihangaike hata na pete. Mvua ya kwanza inaingia kwenye nyufa kama inamwagwa kwenye shimo. Udongo ukishavimba nyufa zinafunga na kasi inakaribia sifuri. Aandike sifuri.

Kwako Kigamboni kuna jambo moja ambalo hukulitaja nami naliogopa kuliko yote uliyoyataja: maji ya ardhini. Karibu na bahari kwenye ardhi tambarare, masika ikifika Mei, unaweza kuchimba kwa jembe ukakutana na maji. Maji hayo yakiwa hayajafika hata mita moja chini ya kitako cha mfereji, kasi ya udongo haina maana tena, kwa sababu maji hayana pa kushukia. Yanasubiri yaliyo chini yasogee pembeni kuelekea baharini, polepole. Toboa mashimo mawili kwa kekee ya udongo, weka mabomba yenye matundu, upime mara moja kwa wiki tangu Machi hadi mwisho wa Mei. Ukikuta maji karibu, andika sifuri kwenye faili la mvua kubwa, ubaki na namba yako kwenye faili la vuli.

Na kama mteja kweli anataka mifereji inywe, yaani si maneno ya kwenye kikao tu, mwekee vizuizi vya mawe. Kizuizi cha sentimita 20 kwenye mteremko wa asilimia 1 kinarudisha maji nyuma mita 20, na nyuma yake panakaa mita za ujazo 2. Kumi na viwili kwa mfereji mmoja vinashika 24. Linganisha na zile 29 za mvua ndogo: karibu yote yamebaki mtaani. Kwenye SWMM kila kizuizi, au vitatu vitatu kwa pamoja, kifanye nodi ya hifadhi yenye jedwali la kina na eneo, na hizo nodi zinakubali Green-Ampt kamili, mfyonzo, kasi na nafasi tupu. Mahali penye kina cha sentimita 20, kwa milimita 10 kwa saa, patakauka kwa saa 20, kwa milimita 5 kwa saa 40. Mbu anahitaji siku kadhaa kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo wa afya hawatakuwa na neno, mradi matope yazolewe. Kwenye mvua ya milimita 60 vizuizi hivyo vitakuwa vimejaa kabla kilele hakijafika, na kalavati litaona maji yaleyale. Libaki 900, au mshuke 750 kwa hesabu ya kilele. Nitumie visomo vya pete kabla hujachora vizuizi, maana kasi ikitoka chini ya milimita 3 kwa saa nitakushauri vipungue kimo.